Jani Likipata Madoa, Hewa Nayo Iulizwe



Wengi wetu tulio katika reli tuna mashamba nyumbani, Migori na Homa Bay. Mshahara husaidiwa na tumbaku, maharagwe na sukuma wiki. Kwa hiyo jani likiharibika, hasara ni yetu pia. Na mara nyingi mnunuzi akiona madoa hushusha bei, kisha humlaumu mkulima kwa uvivu.

Twasema, hewa nayo iulizwe.

Moshi wa dizeli, wa mabanda ya kukaushia tumbaku na wa kuchoma mashamba, ukipigwa na jua kali, huzaa hewa kali iitwayo ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na ukali wa jua, lakini hii ya chini hudhuru. Huingia kwa vitundu ambavyo jani hupumulia, kisha huunguza chembe zake za ndani. Madoa madogo hutokea upande wa juu wa jani, kati ya mishipa, yakianzia majani yaliyokomaa. Jani huzeeka kabla ya wakati, na mavuno hupungua. Wala si lazima shamba liwe karibu na mji, maana upepo huichukua mbali.

Jambo hili si geni duniani. Huko Connecticut, Marekani, wakulima wa tumbaku walipata madoa kama hayo katika miaka ya 1950, wakadhani ni ya hali ya hewa tu. Mwaka 1959 wataalamu Heggestad na Middleton walionyesha kuwa chanzo ni ozoni. Baadaye tumbaku ya aina ya Bel-W3, isiyostahimili kabisa ozoni, ilitumiwa kama kipimo: hupandwa, kisha madoa yake hutazamwa.

Tangu 2022 baadhi ya wakulima wa Migori wameacha tumbaku wakapanda maharagwe, kwa msaada wa WHO, FAO na WFP. Ni jambo jema. Lakini maharagwe nayo hudhurika upesi kwa ozoni.

Hatusemi kila doa ni ozoni; ukungu na wadudu wapo. Twasema mkulima asihukumiwe kabla hewa haijapimwa. Serikali za kaunti zote mbili ziweke vipimo mashambani, si mijini tu, na mabwana shamba wafundishwe kuyatambua madoa haya. Nasi tuendeshao injini za dizeli tudai zitunzwe vizuri, maana moshi wetu haubaki relini.