Kijana amepata leseni: Punguza gharama ya bima, usipunguze kinga

Kijana akifikisha miaka 18, akamaliza chuo cha udereva na kurudi nyumbani na leseni ya daraja D, nyumba nzima hufurahi. Amepatikana wa kumpeleka bibi kliniki, wa kumfuata mdogo wake shule na wa kukimbia sokoni jioni. Suala la bima kwa kawaida hukumbukwa siku gari limeshagongwa.

Mzazi anayetafuta ushauri kwenye simu hukutana zaidi na maelezo ya Marekani. Huko, kumwongeza kijana kwenye bima ya familia hupandisha bei mara moja, na kampuni nyingi hutoa punguzo kwa mwanafunzi mwenye wastani wa B. Kwa Tanzania mambo hayaendi hivyo. Hapa bei hufuata zaidi aina ya gari, matumizi yake na thamani yake. Umri wa kijana huonekana baadaye, kwenye masharti ya kulipwa fidia. Ndiyo maana wazazi wengi huuona wakiwa wamechelewa.

Bima mbili, kinga mbili tofauti

Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo, ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Inawalipa watu wengine ambao gari lako limewaumiza au kuwaharibia mali. Gari lako mwenyewe hailigusi. Wala hailipi matibabu ya mwanao akiumia akiwa kwenye usukani.

Bima kubwa hulinda pia gari lako dhidi ya ajali, moto na wizi. Kiwango kinachotumika sana kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya kodi. Gari la shilingi milioni 12 hukatiwa bima kwa shilingi 420,000.

Katikati kuna bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Kwa gari la zamani ambalo familia inaweza kulitengeneza kwa fedha zake, hiyo inaweza kutosha. Kama gari likiharibika familia haina uwezo wa kununua jingine, kushuka hadi bima ndogo mwaka ule ule kijana anapoanza kuendesha ni kubahatisha. Miezi ya kwanza baada ya kupata leseni ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya ajali kwa dereva yeyote kijana.

Pa kuokoa fedha

Anza na thamani ya gari. Wazazi wengi huhuisha bima kila mwaka kwa thamani ile ile ya siku walipolinunua. Gari lililonunuliwa kwa milioni 14 na sasa lina thamani ya milioni 11 likiendelea kulipiwa kwa thamani ya zamani, familia inatoa shilingi 105,000 za ziada kila mwaka. Na likiharibika kabisa, kampuni italipa kwa bei ya soko ya leo. Omba tathmini mpya kabla ya kuhuisha.

Pili, uliza kuhusu punguzo la kutodai fidia. Ukikaa mwaka bila kudai, kampuni nyingi hupunguza ada ya mwaka unaofuata, lakini si wakala wote watakaokukumbusha. Kijana akikwangua bampa getini, piga hesabu kwanza: gharama ya fundi ni kiasi gani, na ukidai utapoteza punguzo gani? Mara nyingine kumlipa fundi mwenyewe ni nafuu. Hata hivyo ajali yoyote inayomhusu mtu mwingine itolewe taarifa polisi na kwenye kampuni ya bima mapema, hata kama inaonekana ndogo.

Tatu, chagua gari la kumpa. Familia yenye magari mawili haina haja ya kumkabidhi kijana lile la thamani kubwa. Gari dogo ambalo vipuri vyake vinapatikana kila mtaa linapunguza ada ya bima na gharama ya fundi pia. Likiwa na mikanda inayofanya kazi viti vyote na mifuko ya hewa, ndilo linalomfaa anayejifunza barabara.

Nne, usikubali bei ya wakala wa kwanza. Uliza kampuni mbili au tatu, na usilinganishe ada peke yake.

Kipengele cha kijana

Kwenye bima kubwa kuna kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Mawakala hukiita eksesi. Mikataba mingi huongeza kiasi hicho pale aliyekuwa akiendesha ana umri chini ya miaka 21 au 25, au leseni yake haijafikisha mwaka mmoja au miwili. Kila kampuni ina kiwango chake.

Hapo ndipo bima ya bei rahisi inapoweza kugeuka ghali. Kampuni moja inaweza kukutoza shilingi 40,000 pungufu kwenye ada, kisha kijana akigonga nguzo ukajikuta unachangia laki kadhaa zaidi kuliko ambavyo ungechangia kwa kampuni nyingine. Muulize wakala maswali matatu, na majibu ayaonyeshe kwenye karatasi: Mwanangu wa miaka 18 anaruhusiwa kuendesha gari hili? Akigonga, nachangia kiasi gani? Na kama bado ana leseni ya kujifunzia, je, bima inamlinda?

Usibane hapa

Wapo wanaoficha kwamba kijana ndiye anayeendesha gari kila siku, au wanaosema baba ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa aliyekata. Uongo ukigundulika, kampuni inaweza kukataa kulipa, na familia ikabaki na deni la gari la watu.

Wapo pia wanaoandikisha thamani ndogo ili ada ishuke. Gari la milioni 12 likiandikishwa milioni 8 kisha likaibiwa, hutalipwa zaidi ya milioni 8. Kampuni nyingine hupunguza kwa uwiano huo hata fidia ya uharibifu mdogo.

Kitu kingine ni biashara. Kijana anayesubiri kwenda chuo anaweza kushawishika kubeba abiria wa kulipa. Bima ya gari binafsi haihusu kazi hiyo. Na bima unayouziwa kwa bei ya ajabu ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, maana stika bandia haitakusaidia barabarani wala mahakamani.

Punguzo kubwa ni ajali isiyotokea

Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya barabarani ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si kwamba vijana wote ni wakaidi. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na macho ya dereva mpya bado hayajazoea kuiona hatari ikiwa mbali.

Kwa hiyo leseni isiwe mwisho wa mafunzo. Miezi sita ya kwanza kaa naye kiti cha mbele kila unapoweza, kwenye mvua, kwenye foleni, na kwenye barabara kuu yenye malori. Usiku aendeshe akiwa na mtu mzima. Asijaze marafiki, maana wenzake wakiwa ndani hatari huongezeka. Simu iwekwe mbali: anayeitumia akiendesha ana uwezekano wa ajali mara 4 zaidi ya asiyeitumia. Mkanda wa kiti hupunguza hatari ya kifo kwa walio mbele hadi nusu, na hauna ada ya mwaka.

Mwisho, fungua pia bima ya afya ya familia. Angalia mtoto anahudumiwa hadi umri gani, kwa sababu wengi huondolewa pale pale wanapoanza kushika usukani. Kama mwanao ameshatoka, ulizia bima ya ajali binafsi kwa dereva, ambayo baadhi ya kampuni huiongeza kwenye bima ya gari. Bati la gari lililokunjwa linaweza kumsubiri fundi hadi mshahara utoke. Mguu uliovunjika unahitaji daktari usiku huo huo.