Mungu ni Mzazi, si Mwajiri



Katika misiba yetu, na hata katika jumuiya zetu ndogondogo, limezoeleka neno moja ambalo hatuna budi kulikemea. Mama amefiwa na mtoto, au amejifungua mtoto mwenye ulemavu, na kabla machozi yake hayajakauka anaulizwa amemkosea Mungu nini. Kisha hutokea wahubiri wanaomtaka atoe fedha ili laana ivunjwe. Wanafunzi nao waliwahi kumwuliza Bwana swali kama hilo juu ya kipofu tangu kuzaliwa (Yohane 9), naye akakataa katakata: hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Basi huyo mungu anayehubiriwa matangani siye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Ni mwajiri mkali tuliyemtunga wenyewe, anayehesabu makosa na kukata mshahara.

Tuisome kwa makini Injili ya Luka, sura ya 15. Tumezoea kumlaumu mwana mpotevu kwa mali aliyoitapanya, tukasahau kosa la pili alilorudi nalo nyumbani. Njiani alipanga kumwambia babaye mambo matatu: kwamba ametenda dhambi, kwamba hastahili kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa vibarua. Lakini baba alimkimbilia na kumbusu kabla hajafungua kinywa. Na aliposema, alifikisha mambo mawili tu. Ombi la ajira halikusikika, maana baba alikuwa akiagiza vazi, pete na viatu. Na kaka mkubwa, asiyetoka nyumbani kamwe, alinung'unika kama mtumishi aliyepunjwa, kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi. Ndugu wawili, kosa moja: wote walidhani nyumba ya baba ni mahali pa ujira.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Tangu karne ya 17 Wajanseni waliwatenga waamini wengi na Meza ya Bwana, kana kwamba Ekaristi ni tuzo ya wakamilifu. Papa Pius wa Kumi aliwajibu kwa vitendo: mwaka 1905 alihimiza Komunyo ya mara kwa mara, na mwaka 1910 akawafungulia mlango watoto wa umri wa miaka kama saba. Mzazi hamlishi mtoto kwa kuwa amekua. Humlisha ili akue.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nabii Isaya (49:15) anakwenda mbali zaidi: hata mama akimsahau mtoto wake anyonyaye, Mungu hatatusahau. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya huruma ya Mungu wa mwaka 1980, alieleza kwamba neno moja la Kiebrania litajalo huruma hiyo limetokana na neno lenye maana ya tumbo la uzazi. Neno letu "rehema", lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, ni la shina hilohilo. Kila tuombapo rehema, basi, twaomba kupendwa kama mama ampendavyo mtoto aliyemzaa.

Watauliza wengine: je, mafundisho haya hayalei dhambi? La hasha! Mzazi mwema hukanya, tena kwa ukali. Lakini hukanya ili mtoto apone, si ili deni lilipwe. Na wapo ambao neno "baba" huwakumbusha kipigo na kutelekezwa. Hao tusiwapuuze. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 239) inakiri kwamba wazazi wa kibinadamu huweza kukosea na kuharibu sura ya ubaba na umama. Mungu hapimwi kwa baba zetu. Baba zetu ndio wapimwao kwake. Ole wetu, basi, sisi wazazi, mapadre na makatekista, tumtumiapo Mungu kuwa fimbo ya kuwatishia watoto!

Wapendwa, tufikapo kwenye msiba ujao, tusimtafutie mfiwa dhambi. Tumshike mkono, tuchote maji, tupike, tukeshe naye. Hapo atatambua, pasipo hotuba, kwamba anaye Baba.

Amina.