Nimeenda Bagamoyo kutembea tu. Kuna kosa?

Ndugu zangu, juzi Jumamosi nilitoka kwetu Msimbu alfajiri, bodaboda hadi Kisarawe mjini, daladala hadi Dar, kisha basi la Bagamoyo. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege... nimebanwa dirishani na ndoo ya mtu miguuni. Mama mdogo alipopiga simu nikamwambia naelekea Bagamoyo. Swali lake la kwanza: "Nani amefariki?"

Hakuna aliyefariki, mama. Nimeenda kutembea.

Basi hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kwetu mtu akisafiri lazima kuwe na msiba, harusi, mgonjwa au semina. Kuzurura mjini kwa watu na kutazama milango ya kuchonga, hiyo tumewaachia Wazungu. Na wenye vivutio nao wanatuona hivyo hivyo! Mahali fulani (pasitajwe jina) nimesimama getini dakika kumi, muongozaji akanipita kuwalaki wageni wawili waliokuwa nyuma yangu. Aliporudi akaniuliza kama mimi ndiye dereva wao. Nikacheka, lakini iliniuma.

Nikajiunga nao. Maelezo yote kwa Kiingereza, na hadithi ni ile ile: watumwa walifika hapa wakabwaga mioyo, ndiyo maana pakaitwa Bagamoyo. Mgeni akashika kifua. Picha.

Sibishi kwamba watumwa walipita pale. Walipita, na wamisionari waliofika mwaka 1868 walijenga kijiji cha waliokombolewa. Lakini bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilikuwa zaidi mji wa pembe za ndovu na wapagazi, maelfu kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira kutoka Tabora na Ujiji. Hawa nao wana maana yao ya jina: umefika pwani, tua mzigo, pumzisha moyo. Kwa nini mpagazi aliyefanya kazi akalipwa hana nafasi katika hadithi? Kwa sababu hauziki. Machozi yanauzika.

Halafu tukafika kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni. Unaitwa mnara wa Livingstone. Jamani! Livingstone alifika pale akiwa maiti, Februari 1874. Alikufa Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi kwa miguu hadi pwani. Baadhi yao walikufa njiani. Walipoufikisha, wengi walilipwa ujira wao wakaachwa. Mwili ukaenda kuzikwa Westminster Abbey Aprili 1874, na katika wale wabebaji aliyesafiri nao ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi. Sasa niambieni, mnara uitwe wa nani: wa aliyebebwa au wa waliobeba?

Nilimuuliza muongozaji. Akasema, "Kaka, wageni wanamjua Livingstone." Jibu la kweli kabisa, na ndilo tatizo lenyewe. Tutawajuaje akina Susi kama hata sisi hatuendi kuuliza?

Mchana nikala samaki wa kukaanga na ugali sokoni, nikatembea hadi Kaole, kama kilomita tano hivi. Magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, mibuyu, upepo. Yaani miaka mia sita kabla Livingstone hajafika pwani hii, watu wa hapa walikuwa wanaswali katika msikiti wa mawe. Nilikaa karibu saa mbili chini ya mbuyu bila kufanya lolote. Sikuona Mtanzania mwingine aliyekuja kuangalia tu.

Mwaka 2022 tuliambiwa tuitazame ile filamu ya Royal Tour, tujivunie nchi. Sawa. Lakini kujivunia kwenye skrini hakumfundishi mtoto wa Kisarawe kwamba Kaole ipo mkoa wake mwenyewe wa Pwani. Wekeni maelezo ya Kiswahili kwanza, na muongozaji anikaribishe kabla hajauliza gari liko wapi.

Nimerudi Msimbu usiku, vumbi tupu. Mama mdogo bado haamini. Anataka kujua mazishi yalikuwa saa ngapi.