Paka Alichelewa Kuingia Nyumbani



Hudhaniwa kuwa paka amekaa jikoni mwa wanadamu tangu nyumba ya kwanza kujengwa. Kwa Wayunani wa kale haikuwa hivyo. Aliyewindia panya katika nyumba zao ni mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche. Ndiye huyo aliyemo katika ngano ya Aesop: alimpenda kijana, akageuzwa mwanamke, akaozwa, panya alipopita mbele yake, bibi harusi akamrukia! Wafasiri wa baadaye walimwondoa kicheche wakamtia paka, na watoto wengi leo wanamjua paka tu.

Paka, kwa Wayunani, alikuwa mnyama wa Misri. Herodotus, aliyeishi karne ya 5 kabla ya Nabii Isa (A.S.), aliandika kwa mshangao kwamba paka akifa katika nyumba ya Wamisri, wenyeji wote hunyoa nyusi. Diodorus alishuhudia makubwa zaidi. Mrumi mmoja aliua paka huko Misri kwa bahati mbaya, na umati ukaizingira nyumba yake. Mfalme alituma maafisa kumwombea, na Roma yenyewe ilikuwa ikiogopwa, lakini hakuokoka. Roho ya mtu kwa roho ya paka, subhanallah.

Warumi nao walimzoea polepole. Katika nyumba moja ya Pompeii, mji uliofukiwa na mlima wa moto mwaka 79, imeonekana picha ya vijiwe vya rangi: paka mwenye milia amemkamata ndege, macho yamemtoka. Pliny, aliyefariki katika janga hilohilo, aliandika jinsi paka anavyofukia kinyesi chake. Karne kadhaa baadaye, Palladius aliwashauri wakulima waweke paka bustanini wawamalize fuko. Hapo paka amekuwa mfanyakazi: haabudiwi, hashangaliwi.

Nasi tunayo habari ya paka ndani ya nyumba. Kabsha bint Kaab alimmiminia mkwewe, Abu Qatada (R.A.), maji ya udhu. Akaja paka mwenye kiu, na mzee akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Alipoona mkaza mwanawe anamkodolea macho, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Kisha akatawadha kwa maji yaleyale.