Barua za Mjane Tajiri

Miaka ya mwanzo ya 2000 tulikuwa tunalipia nusu saa ya intaneti kafe, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye baruapepe za watu tusiowajua. Umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza. Mtoto wa jenerali ana mamilioni ya dola, anaomba akaunti yako. Wanigeria waliuita utapeli huo 419, namba ya kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa hila.

Iliyotupata hasa ilianza na "Mpendwa katika Kristo". Mjane anakufa kwa saratani, hana mtoto, anataka kuiachia kazi ya Mungu mali yake yote. Kwa parokia inayochangishana bati moja moja, nani asingesoma mpaka mwisho? Mzee mmoja wa kwetu alisoma, akajibu, akatuma "gharama za benki" mara mbili. Hakutafuta utajiri, alitafuta paa la kanisa.

Nasi tulicheka. Tukambatiza jina la Mkwe wa Mjane. Kamati ya ujenzi hakurudi tena.

Siku hizi ujumbe unakuja kwenye simu: "ile hela itume kwa namba hii". Waumini wanaibiwa na hata kwenye jumuiya hawasemi, kwa kuwa wanajua tutacheka. Kesho yake ujumbe uleule unamkuta jirani ambaye hakuonywa na mtu. Kwa maoni yetu, kicheko hicho kinamsaidia tapeli kuliko ujinga wowote wa anayetapeliwa.

Kanisa liliezekwa baadaye. Yule mzee hatujamwomba radhi.