Mwuaji Anajulikana, Kesi Haijaisha

Mpenzi wa hadithi za upelelezi akifungua "Petals of Blood" ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka 1977, hutazamia Inspekta Godfrey amnase mwuaji, mambo yaishe. Matajiri watatu wa kiwanda cha pombe wameteketea Ilmorog. Washukiwa ni wanne.

Kweli, aliyetia moto anajulikana. Lakini humo humo anauawa wakili mtetezi wa maskini, na huyo hapati inspekta wake.

Wasomaji wa Nakuru hawahitaji kufafanuliwa. J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, amezikwa Gilgil. Kamati ya Bunge ilichunguza mwaka ule ule. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Ngugi atuuliza: ni damu ya nani inayotafutiwa mwenyewe?