Panya Road hawana mzee wa kupatana naye

Mwandishi, katika makala yako umewaelezea Panya Road wa Dar kana kwamba ni jeshi lenye kamanda. Sivyo. Ni vijana wa mitaani, wengine watoto kabisa, wanaokusanyika na mapanga na kutawanyika. Januari 2015 nusu ya Dar ilikimbia, wengi wakikimbia uvumi mtupu. Septemba 2022 yakarudi yaleyale, na polisi wakaua watuhumiwa. Mapatano utayafanya na nani? Zamani huku Pwani vyama vya Marini na Arinoti vilihasimiana vikali kwa ngoma ya beni, lakini kila upande ulikuwa na viongozi wenye vyeo, wanaojulikana. Hapa kijijini Mlingotini akina mama wanafunga mwani kwenye kamba huku simu iko kiunoni, kwa kuwa mtoto yuko Dar anatafuta kibarua na wanamhofia. Ukiandika tena, waulize na wao.